Mgonjwa Asiyeitikia

Hana mtoto anayeitwa Grafu, wala hana mtoto kabisa, lakini hospitali nzima inamwita Mama Grafu, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi. Jina hilo alipewa na wauguzi katika mwaka wake wa kwanza, walipochoka kumwona akikatiza korido na makaratasi yenye mistari inayopanda na kushuka, akimsimamisha kila daktari ili atazame. Mwanzoni alinuna. Baadaye akaona kuwanunia watu wanaokupa chai ni kujikomoa mwenyewe, akalizoea. Siku hizi ukimwita kwa jina lililoandikwa kwenye cheti chake anaweza kukupita bila kugeuka.

Kazi yake si rahisi kuieleza kwa jirani. Si daktari, akiona damu hutafuta pa kukaa. Si mwalimu tena, ingawa mtaani bado wanamletea watoto walioshindwa na hesabu za sehemu. Ni mtu wa hesabu aliyeajiriwa na kitengo cha saratani ya matiti, na anachotengeneza anakiita kielelezo: milinganyo michache ndani ya kompyuta inayojaribu kuufuata uvimbe unavyokua, unavyosinyaa ukipigwa dawa, na unavyoota tena watu wakishasahau. Madaktari humpa vipimo vya wagonjwa visivyo na majina, ukubwa wa uvimbe kwa milimita pamoja na tarehe, naye huwarudishia mstari. Kwa mstari huo wanaamua mambo ya maana, kama vile mgonjwa wa aina fulani aitwe kupigwa picha baada ya muda gani, au dawa isimamishwe lini kabla haijageuka sumu ya bure.

Ofisi yake ilikuwa stoo ya mashuka, nyuma ya famasia, na rafu bado zina vibandiko vya "kitanda cha mkubwa" na "kitanda cha mtoto". Sasa kwenye kitanda cha mkubwa kuna vitabu, na kwenye kitanda cha mtoto kuna chupa ya chai na vikombe viwili. Dirisha linatazama kamba za idara ya ufuaji, ambako mashuka ya kijani ya chumba cha upasuaji huanikwa tangu asubuhi. Kiti cha mgeni kina mguu mmoja mfupi uliotiliwa kipande cha boksi la glavu, na mgeni akijisahau akaegemea upande ule, hujikuta anainama kama anayetaka kuambiwa siri.

Aliingia kwenye kazi hii kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mkali kwa wavivu na mlaini kwa waoga, pale dada yake mkubwa alipopapasa kitu kigumu titini. Ndiye aliyemsindikiza Dada hospitali, na walipokuwa wameketi mbele ya daktari, Dada akiwa kimya na mkoba mapajani, yeye ndiye aliyeuliza uvimbe huo umekua kwa muda gani na ungefika wapi kama wangechelewa. Daktari hakujitia kujua. Alisema wanajua kidogo, na kwamba kidogo hicho kingeongezeka kama wangepata mtu wa hesabu asiyeogopa harufu ya hospitali. Harufu aliiogopa, lakini alirudi chuoni, akasoma miaka mingine akiwa mtu mzima kati ya vijana wanaomwamkia, na mwishowe akapewa stoo ya mashuka.

Wakati huo Dada alikuwa ameshafanyiwa upasuaji, amemaliza dawa, na amerudi kwenye cherehani yake. Wote walishusha pumzi.

Ili kuelewa yaliyofuata, lazima umjue Dada, na ili umjue Dada lazima umsikie kidogo bibi yao. Walilelewa na mama wa baba yao, mwanamke mwembamba aliyekuwa akiita mara moja tu. Hakuwa na mara ya pili. Ukiitwa hukuitika, hakupigi wala hakugombezi. Anakunyamazia mpaka jioni, na jioni hotuba inashuka juu ya watoto wenye kiburi wasiosikia wanapoitwa. Kwake yeye kuiba sukari lilikuwa kosa la tumbo, lakini kutoitika lilikuwa kosa la roho. Sasa yule mdogo alikuwa mtoto wa kuzama. Akianza kuhesabu vigae vya paa, hata radi haisikii. Basi Dada akawa anaitika kwa wote wawili. Sauti ya bibi ikitoka jikoni, Dada anadakia, "Abee, tunakuja," huku anamvuta mwenzake kwa mkono wa gauni. Hakuna siku aliyomwacha aingie matatani peke yake.

Mambo hayo yalikuwa yamelala. Aliyeyaamsha ni Mama Grafu mwenyewe, tena akiwa na nia njema kabisa.

Kitengo kilikuwa kimeamua kuzungumza na wagonjwa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wanachanganya lugha mpaka mgonjwa anaitikia kwa kichwa tu, kisha anatoka nje kumwuliza anayepiga deki ameambiwa nini. Wakaunda kikundi cha maneno, na Mama Grafu akatiwa humo kwa kuwa aliwahi kushika chaki. Alianza kwa kishindo. Alikataa watu waambiwe saratani "imerudi". Alisema kitu hakiwezi kurudi kama hakikuondoka; kwenye hesabu zake, baada ya upasuaji na dawa hubaki chembe chache zisizoonekana kwa picha yoyote, zinalala, na siku moja zinaanza kugawanyika tena. Mgonjwa akiambiwa imerudi, anaanza kujiuliza nani kaacha mlango wazi. Semeni masalia yameota, aliwaambia, na wakakubali.

Basi ushindi ukamlewesha kidogo. Walipofika kwa wagonjwa ambao uvimbe wao haupungui hata wakipewa dawa, kikundi kilikwama, maana kila neno lililopendekezwa lilikuwa na harufu ya kaburi. Mama Grafu akatoa lake: wasioitikia matibabu. Wote walilipenda. Lilikuwa fupi, lina adabu, halina kifo ndani yake. Daktari wa kitengo, mwanamume mrefu mwenye haraka ya kudumu, alilitumia siku ileile kwenye raundi, na baada ya muda hata wahudumu walikuwa wanasema fulani anaitikia, fulani haitikii. Mama Grafu alilitia kwenye michoro yake pia. Mistari ya kijani ni ya wanaoitikia, myekundu ni ya wasioitikia. Alijiona amefanya kazi nzuri.

Kisha masalia ya Dada yakaota, safari hii kwenye mapafu.

Dada alipokea habari kwa utulivu wa mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. Aliweka sharti moja tu, kwamba ofisi ya mdogo wake na ugonjwa wake visichanganywe. "Wewe ukiingia kwa daktari na mimi, mtaanza kuongea milinganyo, mimi nitabaki nahesabu feni za darini," alisema. Akapewa vidonge vya kumeza nyumbani asubuhi na jioni, kwa mizunguko, na mapumziko kati ya mzunguko na mzunguko. Picha ya kwanza ilionesha madoa yamepungua. Ya pili ikaonesha yako vilevile. Ya tatu alikwenda peke yake kama kawaida, akatoka, akapitia stoo ya mashuka, akanywa chai nusu kikombe, akasema wanaangalia dawa nyingine. Mama Grafu alimwuliza nyingine ipi. Dada akajibu kwamba majina ya dawa yote yanafanana, na akaondoka.

Hapo Mama Grafu angeweza kujua kitu. Lakini alikuwa ameahidi asiulize, na tuseme ukweli, kuahidi kutouliza kulimfaa, maana alikuwa anaogopa. Alijua mistari inayoshuka, ikalala, ikapanda, inaelekea wapi. Alikuwa amechora mingi. Akajitia kushughulika.

Aliyemtobolea siri ni Daktari, walipokutana kwenye korido ya maabara.

"Mama Grafu, dada yako amepona kimyakimya bila kutuaga?"

"Kwa nini?"

"Haji. Tulimpangia aanze dawa ya pili, hakutokea. Tukampigia simu, akasema yuko safarini."

Dada hakuwa safarini. Jana yake tu shemeji alikuwa amempigia Mama Grafu, kati ya utani mmoja na mwingine, akasema mke wake anarudi kliniki siku hizi amevimba macho, hawa madaktari wenu wanampiga au vipi. Maana yake Dada alikuwa akitoka nyumbani siku za kliniki akivaa vizuri, akienda anakokujua mwenyewe, na kurudi. Mama Grafu alisimama palepale na makaratasi yake mkononi. Kisha akamwomba Daktari ruhusa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aajiriwe, akaondoka mchana kweupe.

Dada ana chumba cha kushonea mbele ya nyumba yake. Cherehani iko karibu na mlango kwa ajili ya mwanga, ukutani kuna msumari wa mikasi na mwingine wa futi, na kwenye kamba zimening'inia sare za shule zinazosubiri vifungo. Alikuwa amekonda shingoni. Alipomwona mdogo wake wakati wa kazi, aliinua mguu kwenye pedali, mashine ikanyamaza.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Dada, unakwenda wapi siku za kliniki?"

Dada alitafuta uzi usiokuwepo kwenye kola ya shati, akauvuta.

"Nakaa kwenye bustani ile ya posta. Pana viti."

"Kwa nini huendi?"

"Niende kufanya nini? Nilishaambiwa mimi siitikii." Alilisema taratibu, kama mtu anayesoma kosa lake mbele ya darasa. "Yule daktari wenu hakunificha. Aliniambia mama, kwa bahati mbaya wewe uko kwenye kundi la wasioitikia. Wenzangu wameitwa wameitika. Mimi nimeitwa nimekaa kimya. Sasa wanipe dawa nyingine ya nini, niinyamazie na hiyo?"

Mama Grafu alikaa juu ya rundo la sketi. Neno lilikuwa lake. Alilijua kama mtu anavyoijua nguo yake mwilini mwa mwingine. Aliliona likitoka kwenye meza ya kikundi cha maneno, likipita mdomoni mwa Daktari, likiingia sikioni mwa mtu pekee duniani ambaye hakuwahi kuitwa asiitike.

"Dada, hilo neno nimelileta mimi."

"Lipi?"

"Wasioitikia. Nililitunga mimi kwenye kikao. Nilidhani ni neno zuri."

Dada aliweka shati chini. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu angekasirika.

"Mimi?" alisema. "Mimi niliyekuwa naitika ya kwangu na ya kwako?"

Mama Grafu akafanya anachofanya siku zote akibanwa, yaani akatafuta kitu cha kuhesabu. Kwenye meza kulikuwa na kopo la vifungo, vingi vyeupe vya mashati na vyeusi vichache vya makoti. Akalimwaga juu ya kitambaa.

"Tazama. Huu ndio uvimbe. Vyeupe ni chembe ambazo dawa inaziweza. Vyeusi haiziwezi."

"Nani kavitia vyeusi?"

"Hakuna. Chembe zinagawanyika, na kila zikigawanyika zinajinakili. Nyingine zinakosea kunakili, na kwa bahati mbaya kosa lingine linakuwa ngao yao. Vilikuwemo kabla hujameza kidonge hata kimoja." Aliondoa nusu ya vyeupe kwa kiganja. "Huu ni mzunguko wa kwanza. Dawa inaondoa sehemu, haiondoi idadi; ikikuta vingi inaondoa vingi, ikikuta vichache inaondoa vichache. Halafu unapumzika, na vilivyobaki vinazaana." Akaongeza vyeupe viwili vitatu, na vyeusi viwili vitatu. Akaondoa tena nusu ya vyeupe. Akaongeza tena. Dada alikuwa amesogeza kiti. Baada ya mizunguko michache, kilichobaki juu ya kitambaa kilikuwa kidogo kuliko mwanzo, kisha kikaanza kuongezeka, na safari hii chote kikawa cheusi.

"Hii ndiyo picha yako ya tatu," alisema Mama Grafu. "Aliyeitwa ni ugonjwa. Kuna upande wake uliosikia, na upande wake ambao hauna masikio. Wewe hukuitwa. Wewe ulikuwa kopo."

"Asante sana kwa kuniita kopo."

Walicheka kidogo, wote wawili, kisha Dada akaanza kuvirudisha vifungo, akivitenga kwa vidole. Mama Grafu alidhani amemaliza kazi. Lakini uso wa Dada ulikuwa umebaki na kitu, na kitu hicho hakikuondoka hata alipokubali kuja. "Nitakuja kesho kuiona hiyo ofisi yako," alisema. "Kwa daktari siahidi."

Alikuja amevaa vizuri, kama anayekwenda bustanini. Alikagua stoo ya mashuka kwa jicho la fundi, akasema pazia limekatwa mshazari, akakaa kwenye kiti cha mguu mfupi na hakuegemea. Mama Grafu alikuwa amemwomba Daktari apite. Daktari akapita, haraka zake mbele yake.

"Mama, karibu. Nafurahi umekuja. Kama nilivyokueleza, kwa wagonjwa wasioiti..."

"Daktari," alisema Mama Grafu. "Neno hilo nililileta mimi, naliondoa mimi. Sema dawa imeshindwa."

Daktari alimtazama juu ya miwani. Madaktari hawapendi sentensi ile, na si kwa ubaya. Mtu anayeandika dawa asubuhi hadi jioni anahitaji kuamini kwamba dawa ni mtu mwaminifu. Neno la Mama Grafu lilipendwa kitengo kizima kwa sababu hiyo hiyo, ambayo yeye mwenyewe aliijua usiku ule uliopita akiwa hana usingizi: lilihamisha mzigo kutoka mkononi mwa anayetoa dawa, likautua kifuani mwa aliyelala kitandani. Hakuna aliyekusudia. Lilikuwa tu neno linalowarahisishia kazi wote waliosimama.

Ni haki kusema kwamba Daktari alivuta kiti, akakaa, jambo ambalo wauguzi wangelisimulia kwa wiki nzima.

"Mama," alisema, "dawa yetu imeshindwa. Ilifanya kazi mwanzoni, sasa imeshindwa. Tunataka kujaribu ya pili, inayoshambulia kwa njia nyingine. Sitakudanganya kwamba itaumaliza ugonjwa. Inaweza kuushikilia. Kwa muda gani, hatujui, na wengine haiwasaidii. Lakini kila juma unalokaa nje tunaupa nafasi."

Dada alikuwa ameinamia mkoba wake. Mama Grafu alisubiri aone ule uso ufunguke, kwa kuwa neno limeshaondolewa, tena kwa mdomo wa Daktari mwenyewe. Badala yake Dada alitikisa kichwa.

"Msiisingizie dawa," alisema. "Dawa haijashindwa. Mimi niliitapika."

Aliufunga mkoba, akaendelea.

"Ilikuwa mzunguko wa pili. Nilimeza asubuhi, nikapanda basi kupeleka sare, nikatapika vyote kwenye mfuko wa nailoni. Nikaviona vimo humo, havijayeyuka hata. Nikautupa ule mfuko. Na vya jioni nikaogopa kuvimeza, nikaviruka. Sikumwambia mtu. Picha ya pili ikaja haijapungua, nikajua ni kwa sababu yangu. Ya tatu ndiyo ikaniumbua." Aliinua macho. "Mlipoanza kusema siitikii nikajua mmegundua, mnanistahi tu. Sasa dawa ya pili, si nitaipoteza vilevile? Wapeni wanaomeza."

Kumbe ndicho kilichokuwa kimebaki usoni. Neno halikuwa limemtia hatia. Liliikuta hatia imeshakaa, likaipa kiti. Miezi yote hiyo alikuwa akishona sare za watoto wa watu akiamini amejiua mwenyewe kwenye basi, na kwamba kila mtu hospitalini anajua.

Daktari alianza kusema kwamba kutapika ni kawaida, kwamba maelekezo yao ni kutorudia dozi na kusubiri inayofuata. Dada alimsikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtu anayekufariji msibani. Mama Grafu aliona maneno yote hayafiki. Yeye naye maneno alikuwa ameyaogopa tangu jana.

"Dada, nikuwekee vipimo vyako kwenye kompyuta? Sijawahi. Nilikuahidi."

"Weka."

Aliweka. Akakosea tarehe moja, akafuta, akaandika upya. Aliuambia mtambo kwamba mgonjwa amemeza vidonge vyote bila kukosa hata kimoja, akachora mstari wa buluu. Ukashuka, ukalala, ukapanda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona wa Dada, na alijikaza. Kisha akarudi kwenye mzunguko wa pili, akaondoa siku ile ya basi, asubuhi na jioni, akachora mstari mwekundu.

"Kabla hujautazama, nikwambie," alisema. "Huu si wewe. Huu ni mfano wa uvimbe wa ukubwa wa wako. Una makosa yake. Lakini kwa jambo hili dogo nauamini."

Dada alivaa miwani, akasogea mpaka kiti kikamwinamisha. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja.

"Naona mwekundu tu. Wa kumeza vyote uko wapi?"

"Uko chini yake."

"Chini wapi?"

"Hapohapo. Mwekundu umeufunika."

Dada aliweka kidole kwenye kioo, akakipitisha taratibu tangu mwanzo, kwenye mteremko, kwenye sehemu iliyolala, kwenye mpando, akitafuta mahali mistari inapoachana, kama anavyopitisha kidole kwenye mshono kutafuta pindo lililofumuka. Hakupaona. Mama Grafu alikuza picha, akakuza tena, mpaka pale siku ya basi ilipojaza kioo kizima, na hapo ukatokea upenyo mwembamba wa buluu, ukaziba palepale.

"Toa wiki nzima," alisema Dada. "Sema sikumeza wiki nzima."

Mama Grafu akatoa wiki nzima. Safari hii mistari iliachana, mtu angeweza kuiona bila kukuza. Ilikwenda sambamba, na ilipoanza kupanda ikapanda pamoja.

"Hapa kuna tofauti," alisema Mama Grafu, maana hakutaka kudanganya hata kidogo. "Ungefika palepale, siku chache mapema. Vile vyeusi havikuwa vinajali umemeza au hukumeza."

"Na hii ni wiki nzima."

"Wiki nzima."

"Mimi nilikosa siku moja."

"Siku moja."

Dada alivua miwani. Aliishika mapajani kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka bila sauti, yakamfika kidevuni, hakuyafuta. Daktari alitazama mashuka nje ya dirisha. Mama Grafu alitaka kumshika, akaona asubiri.

"Kumbe mimi naumwa tu," alisema Dada.

Kisha akamgeukia Daktari akamwuliza hiyo dawa ya pili inaanza lini.